Majibu ya damu baada ya kiharusi: namna ya kuyasoma hatua kwa hatua

"Shikamoo dada. Hii CRP 48 ina maana mzee hatatembea tena?"

Kijana aliyeuliza alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili. Juzi yake baba yake alianguka bafuni, mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea. Jirani akatafuta mtandaoni, akakuta kwamba CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiumia au ukipata maambukizi) ikipanda mgonjwa wa kiharusi hapati nafuu nzuri. Jioni hiyo hiyo habari ilishafika kijijini, na shangazi alikuwa njiani na kanga nyeusi kwenye begi.

Nafanya kazi maabara, na maswali ya namna hii yananifikia dirishani kila wiki. Kosa ni lile lile: mtu anachukua namba moja, ya saa asiyoijua, anaigeuza hukumu ya miezi sita ijayo. Mwongozo huu ni wa mlezi anayeshinda wodini, na pia wa muuguzi au tabibu wa kituo kidogo ambaye familia inamfuata na makaratasi. Unahusu kiharusi cha kuziba, yaani kile ambacho bonge la damu limefunga mshipa wa ubongo. Usibadilishe dawa yoyote kwa sababu ya ulichosoma hapa. Hilo ni la daktari wa mgonjwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Karatasi zote za majibu ya damu, hata zile za kituo cha kwanza mlikopitia.
- Majibu ya CT, yaani picha ya kichwa.
- Daftari dogo, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Orodha ya dawa alizokuwa akitumia kabla ya kuanguka, na anazopewa sasa.
- Majibu ya miezi iliyopita kama yapo: sukari, figo, wingi wa damu.
- Mtu mmoja tu wa kutunza daftari. Wakiwa watatu, kila mmoja atakuwa na toleo lake.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kiharusi cha kuziba

Kiharusi cha kuziba na cha kuvuja damu vinafanana kwa macho. Mdomo unapinda vile vile, mkono unalegea vile vile. Kinachovitenganisha ni picha ya kichwa, si kipimo cha damu. Ipo protini iitwayo GFAP ambayo hupanda mapema zaidi damu inapovujia kwenye ubongo, na watafiti wanaifuatilia kwa sababu hiyo, lakini haijachukua nafasi ya CT.

Kuna ugonjwa mwingine unaojifanya kiharusi: sukari kushuka. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini akalala bila kula anaweza kuamka upande mmoja haufanyi kazi, na akipewa sukari mkono ukarudi. Ndiyo maana hata pale penye dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, sukari ni kipimo cha damu ambacho lazima kijulikane kabla ya sindano. Vingine, kwa wagonjwa wengi, haviruhusiwi kuchelewesha dawa.

Umefaulu kama unaweza kuandika kwenye ukurasa wa kwanza: "CT imefanyika tarehe fulani, haina damu iliyovuja, sukari ya mwanzo ilikuwa kiasi fulani." Kama CT haijafanyika, simama hapa. Hatua za utabiri hazina maana bila picha hiyo.

## Hatua ya 2: Andika saa sifuri

Saa sifuri ni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Si saa mliyofika hospitali, wala si saa aliyokutwa sakafuni. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima na akaamka asubuhi amepooza, saa sifuri ni saa nne usiku.

Kisha mbele ya kila jibu la damu andika lilichukuliwa saa ngapi baada ya hapo: saa 5, saa 30, siku ya 4. Utaikuta saa ya kuchukua sampuli kwenye karatasi, mara nyingi juu kulia. Usiichanganye na saa ya kuchapisha majibu. Zinaweza kuachana nusu siku.

Kuna sababu ya usumbufu huu. CRP huanza kupanda saa 6 hadi 8 baada ya mwili kuumizwa, na hufika kileleni kama siku ya pili. Protini iitwayo S100B, inayotoka kwenye seli za ubongo zilizoumia, hufika juu siku ya pili hadi ya nne. Nyingine, nyurofilamenti, huendelea kupanda kwa wiki mbili au tatu. Namba ile ile ya CRP saa 3 baada ya kiharusi na siku ya tatu inasimulia mambo mawili tofauti. Ikiwa juu saa 3 tu tangu aanguke, haikutokana na kiharusi hicho. Mgonjwa alikuja nayo kutoka nyumbani, na kuna kitu kingine cha kutafuta.

## Hatua ya 3: Kagua sampuli kabla ya kukagua namba

Hapa ndipo watu wa upande wangu wa dirisha tunapoona mambo ambayo karatasi haisemi.

Damu ya mgonjwa mmoja huingia kwenye tyubu kadhaa za vifuniko tofauti. Zambarau ni ya picha kamili ya damu na HbA1c, kipimo cha sukari ya muda mrefu. Kijivu ni ya sukari. Nyekundu au njano ni ya figo, chumvi, albumini (protini kuu ya damu), CRP na mafuta. Bluu ni ya D-dima (mabaki ya bonge la damu linapoyeyuka) na vipimo vya kuganda kwa damu.

Kijivu kina dawa inayozuia chembe za damu kula sukari. Damu ya sukari ikiwekwa kwenye tyubu ya kawaida ikakaa bila kutenganishwa, sukari hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ikichukuliwa saa kumi na mbili asubuhi na kupimwa saa nne, mgonjwa mwenye sukari ya 10 anaweza kuandikiwa 8. Bluu nayo lazima ijae hadi kwenye mstari, sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Ikijaa nusu, majibu ya kuganda hayaaminiki.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua damu kwenye mkono wenye dripu. Mgonjwa wa kiharusi ana mkono mmoja unaofanya kazi na mwingine uliolegea. Muuguzi mwenye haraka anaona mshipa uko wazi pale pale penye dripu, anavuta. Maji ya dextrose ya asilimia 5 yana gramu 50 za sukari kwa lita. Yakiingia kidogo tu kwenye sampuli, sukari inasoma 25 na chumvi inasoma chini. Nimewahi kupokea karatasi ya namna hiyo ikiwa na maombi ya insulini ya haraka. Tulirudia kwa kidole cha mkono mwingine: 7.9.

Uliza maswali matatu tu, kwa adabu: damu ilitoka mkono gani, dripu ilikuwa mkono gani, na ilikaa muda gani kabla ya kupimwa. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Angalizo: karatasi ikiandikwa kwamba chembe nyekundu zimepasuka kwenye sampuli, potasiamu itasoma juu kuliko ilivyo. Omba irudiwe kabla ya mtu yeyote kuifanyia kazi.

## Hatua ya 4: Sukari, na uwiano ambao wengi hawaukokotoi

Sukari ya siku ya kwanza ni miongoni mwa alama za damu zenye historia ndefu katika kutabiri kiharusi cha kuziba. Wanaofika nayo juu, kwa wastani, hupona vibaya zaidi, hata wale ambao hawakuwa na kisukari kabla.

Kwanza kagua kizio. Maabara zetu nyingi huandika mmol/L. Mashine ndogo na kurasa nyingi za mtandaoni huandika mg/dL. Zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL. Anayesoma kwamba "180 ni nyingi" akilinganisha na 10 ya baba yake anafikiri mzee yuko salama, kumbe ni namba moja.

Sasa tenganisha sukari ya kisukari cha muda mrefu na sukari ya mshtuko. HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ichukue, fanya hesabu hii:

wastani wa sukari = (HbA1c × 1.59) − 2.59

Halafu gawanya sukari ya kuingia kwa wastani huo. Tuchukue wagonjwa wawili, wote wamefika na sukari ya 13.2. Wa kwanza ana HbA1c ya 9.0: wastani wake ni 11.7, uwiano 1.1. Mwili wake umezoea sukari hiyo. Wa pili ana HbA1c ya 6.0: wastani ni 7.0, uwiano karibu 1.9. Sukari yake imeruka ghafla karibu mara mbili, na tafiti huhusisha mruko wa namna hii na kiharusi kikubwa zaidi na nafuu ndogo. Kwenye karatasi ya sukari peke yake wawili hawa ni mapacha.

Angalizo la kwetu: HbA1c inadanganya kwa mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu au aliyeongezewa damu karibuni. Kwa hao acha hesabu hii kabisa.

Je, tukiishusha kwa nguvu atapona vizuri zaidi? Wengi walidhani hivyo. Jaribio la SHINE la Marekani, lililochapishwa 2019 likiwa na wagonjwa 1,151, lililinganisha kuibana sukari kati ya 4.4 na 7.2 dhidi ya kuiacha chini ya 10. Nafuu ya miezi mitatu haikutofautiana. Waliobanwa, asilimia 2.6 sukari yao ilianguka hadi viwango vya hatari. Upande wa pili hakuna hata mmoja. Ndiyo maana lengo la kawaida wodini ni kati ya 7.8 na 10. Ukiona 9.1 na daktari ametulia, usimlaumu.

## Hatua ya 5: Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti

Kipimo hiki hakiongezi hata shilingi, kwa kuwa kimo ndani ya picha kamili ya damu ambayo karibu kila mgonjwa hupimwa. Tafuta mistari miwili, NEUT na LYM. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Nyutrofili 7.8 kwa limfosaiti 1.3 ni 6. Ukitumia asilimia badala ya idadi, jibu ni lile lile, mradi usichanganye asilimia na idadi.

Mantiki yake ni hii. Ubongo ukikosa damu, chembe nyeupe za mstari wa mbele, nyutrofili, hukimbilia kwenye jeraha na kuongeza uvimbe. Wakati huo huo mwili unashusha limfosaiti, chembe nyeupe nyingine za kinga, na kinga ya mgonjwa inalegea siku zile zile anapohitaji kujikinga na nimonia. Uwiano ukipanda, mambo yote mawili yanatokea pamoja. Tafiti nyingi zimeuhusisha na hali mbaya zaidi baada ya miezi mitatu, ila mipaka yao haifanani: nyingi huweka mahali fulani kati ya 3 na 6.

Mimi mipaka hiyo siitumii kama ilivyo, kwa sababu mbili. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, wakiwa wazima kabisa, kwa hiyo mpaka uliopimwa China au Ulaya unaweza kumpita mgonjwa wetu bila kumwona. Kwa upande mwingine, malaria na VVU hushusha limfosaiti na kuupandisha uwiano bila ubongo kuhusika. Dawa za jamii ya deksamethasoni nazo hupandisha nyutrofili ndani ya saa chache.

Kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe. Siku ya kwanza 3.1, siku ya tatu 7: kuna kinachoendelea, na mara nyingi kipo kifuani au kwenye mkojo. Siku ya kwanza 5, siku ya tano 2.8: mwelekeo ni mzuri.

## Hatua ya 6: CRP isomwe pamoja na kikombe cha uji

Nirudi kwa mzee wa 48. Nilimwomba kijana karatasi ya siku ya kwanza. CRP ilikuwa 6. Nikamuuliza mzee anakula nini.

"Uji, dada. Mama anamnywesha kwa kijiko, ila anakohoa kohoa."

Basi. Kiharusi kinalegeza pia misuli ya kumeza. Uji unaoonekana umekwenda tumboni unateleza upande wa mapafu, na kesho yake au keshokutwa CRP inaruka. Namba ile haikuwa ikitabiri miguu. Ilikuwa ikilalamikia kijiko.

Fuata mpangilio huu:

1. Kagua kizio. Maabara nyingine huandika mg/dL. CRP ya 4.8 mg/dL ni sawa na 48 mg/L. Nimeona familia ikishangilia "imeshuka kutoka 40 hadi 5" kumbe walibadilisha maabara tu.
2. Linganisha na ya siku ya kwanza. Bila hiyo, huwezi kusema imepanda.
3. Tafuta chanzo. Homa, kupumua haraka, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, mkojo mchafu kwenye mfuko, kidonda cha mgongo, sehemu ya dripu iliyovimba.
4. Irudie baada ya saa 24 hadi 48. Chanzo kikiisha, CRP hupungua nusu kwa takriban saa 19. Ikishuka kutoka 48 hadi 20 kwa siku mbili, tiba inafanya kazi. Ikibaki pale pale, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Angalizo: usimpe mgonjwa chochote mdomoni kabla muuguzi hajapima umezaji wake, akiwa ameketi wima na akianza na kijiko cha maji. Akikohoa au sauti ikibadilika, mdomo usubiri.

Angalizo la pili: usidai antibayotiki "ya kuzuia" kwa sababu CRP imepanda kidogo. Jaribio la PASS la Uholanzi, 2015, liliwapa wagonjwa wa kiharusi seftriaksoni kwa siku nne kabla hawajapata maambukizi. Hali zao za miezi mitatu hazikuwa bora kuliko za wengine. Maambukizi yakiwepo yatibiwe, na haraka.

## Hatua ya 7: Figo, chumvi, damu na albumini

Hizi nipitie upesi, kwa sababu umuhimu wake uko kwenye kurekebisha kuliko kutabiri.

Kreatinini, taka ambayo figo huitoa, ikipanda, au makadirio ya kazi ya figo yakiwa chini ya 60, nafuu ya wastani huwa ndogo na dozi za dawa kadhaa hubadilika. Sodiamu ya kawaida ni 135 hadi 145. Ikishuka mgonjwa anasinzia na kuchanganyikiwa, na ndugu wanadhani kiharusi kimeongezeka. Wingi wa damu chini ya 13 g/dL kwa mwanamume au 12 kwa mwanamke ni upungufu, na mgonjwa wa namna hiyo huchoka mapema kwenye mazoezi.

Albumini chini ya 35 g/L huambatana na matokeo mabaya, lakini usikimbilie mayai. Hushuka pia kwa sababu ya uvimbe wa mwili, si njaa peke yake, na huchukua wiki kadhaa kurudi. Kumshindilia mtu ute wa yai wakati hawezi kumeza kunaturudisha hatua ya 6.

Kwa mgonjwa kijana, uliza kama amepimwa VVU, kaswende na selimundu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam na kuchapishwa 2013 ulikuta VVU ni miongoni mwa mambo yanayoambatana sana na kiharusi. Majibu haya hayatabiri mkono utarudi lini, ila yanaweza kubadilisha tiba nzima.

Mafuta ya LDL, yale yanayoziba mishipa, nayo yanahusu kiharusi cha pili. Lengo kwa wengi waliopata kiharusi cha mishipa kujaa mafuta ni chini ya 1.8 mmol/L. Weka namba hiyo nyuma ya daftari, utaihitaji kliniki.

## Hatua ya 8: Alama za moyo

Troponini, protini inayotoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, ikiwa juu kwa mgonjwa wa kiharusi, watu huruka kusema "na moyo umeshambuliwa". Huenda ndiyo, huenda siyo: ubongo ulioumia unaweza kuusumbua moyo, na figo mbovu huiweka troponini juu siku zote. Kinachotofautisha ni marudio baada ya saa chache pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Inayopanda na kushuka inaashiria jeraha jipya. Inayokaa palepale mara nyingi ni tatizo la zamani. Kwa vyovyote, walio nayo juu wanahitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwa kuwa vifo ni vingi kwao.

BNP na NT-proBNP ni vipimo vingine vya damu ambavyo hupanda moyo unapolemewa. Zikiwa juu sana kwa mgonjwa wa kiharusi, daktari atashuku kwamba bonge lilitoka moyoni, hasa kwa mapigo yasiyo na mpangilio. Mwulize kama mgonjwa atafuatiliwa mapigo kwa siku kadhaa, maana kipimo kimoja cha dakika moja hukosa mengi.

D-dima ina mtego wake. Maabara nyingine huandika kizio cha FEU, nyingine DDU, na ya kwanza huwa karibu mara mbili ya ya pili. Usilinganishe karatasi mbili kabla ya kusoma herufi hizo. Ikiwa juu mno bila maelezo, daktari atafikiria bonge kwenye mguu au saratani iliyojificha.

## Hatua ya 9: Usilipie vipimo vya utafiti

Nyurofilamenti, S100B, kopeptini. Vyote ni vya kweli na vyote vinahusiana na ukubwa wa jeraha au matokeo. Lakini vikiongezwa juu ya umri wa mgonjwa na ukali wa kiharusi alivyopimwa kitandani, vinaongeza kidogo sana kwenye utabiri, na jibu lake halibadilishi tiba ya kesho asubuhi. Ukiambiwa sampuli itapelekwa nje ya nchi kwa gharama kubwa "ili tujue kama atapona", uliza swali moja: jibu likiwa baya mtafanya nini tofauti? Fedha hiyo inalipa vikao vingi vya mazoezi tiba.

## Hatua ya 10: Siku ya tatu, angalia vidole

Hapa maabara inampisha mtaalamu wa mazoezi tiba, nami sioni aibu kulisema.

Ukali wa kiharusi hupimwa kwa alama za NIHSS, 0 hadi 42. Omba alama ya siku ya kwanza uiandike kwenye daftari. Kisha, ndani ya saa 72 tangu saa sifuri, pamoja na mtaalamu, angalieni mambo manne:

- Bega: anaweza kuuinua mkono ulioathirika kwenda pembeni, hata kidogo?
- Vidole: anaweza kuvinyoosha? Si kukunja ngumi, kunyoosha. Ndugu wengi hufurahia mgonjwa akibana mkono wao, ila kubana hakusemi sana.
- Kukaa: anaweza kuketi bila kushikwa kwa sekunde 30?
- Mguu: kuna nguvu yoyote inayoonekana kwenye nyonga, goti au kifundo?

Utafiti wa Uholanzi wa 2010, kwa watu waliopata kiharusi cha kuziba kwa mara ya kwanza, ulikuta hivi: mwenye bega na vidole ndani ya saa 72 alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha matumizi fulani ya mkono miezi sita baadaye. Asiye na vyote viwili, asilimia 25. Na kama hali ilikuwa vile vile hadi siku ya 9, asilimia 14. Mwaka uliofuata wenzao walifanya hivyo kwa kutembea: aliyeweza kukaa sekunde 30 na mwenye nguvu kiasi mguuni, asilimia 98 walitembea wenyewe kufikia mwezi wa sita. Aliyekosa vyote, asilimia 27, ikashuka hadi 10 kama hakubadilika kufikia siku ya 9.

Sijawahi kutoa jibu lolote dirishani linalokaribia namba hizo, na kipimo chenyewe ni bure.

Angalizo: usimsimamishe kwa nguvu siku ya kwanza ili "kumjaribu". Jaribio la AVERT, 2015, lilionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mapema mno na mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi ya matokeo mazuri. Na asiyefaulu siku ya tatu hajafungiwa mlango: robo ya wasio na kitu siku hiyo walipata kitu baadaye. Rudieni siku ya 9.

Yule kijana alirudi kesho yake bila karatasi. Akanyanyua mkono wake mwenyewe, akavinyoosha vidole kimoja kimoja kunionyesha mzee alivyofanya. Cha mwisho kilikuwa bado kimejikunja.

## Hatua ya 11: Ukurasa mmoja wa raundi

Daktari anapopita ana dakika chache kwa kila kitanda. Usimpe rundo la makaratasi. Andika ukurasa mmoja hivi:

- Saa sifuri, na leo ni siku ya ngapi.
- CT: tarehe na jibu. NIHSS ya siku ya kwanza.
- Sukari ya kuingia, HbA1c, uwiano wake. Sukari ya leo.
- Nyutrofili kwa limfosaiti: siku ya 1, ya 3, ya 5.
- CRP: siku ya 1 na ya leo, pamoja na kizio.
- Kreatinini, sodiamu, wingi wa damu, albumini: zilizo nje ya kiwango tu.
- Bega, vidole, kukaa, mguu: ndiyo au hapana, siku ya 3 na ya 9.

Chini yake andika maswali mawili tu. Mimi ningeuliza haya: "Kati ya hizi, ipi tunairekebisha leo?" na "Mazoezi ya mkono yanaanza lini, na nani atatufundisha kuyafanya nyumbani?" Swali la "atapona?" lisubiri siku ya 9, ukiwa na majibu ya vidole mkononi.

Ukurasa huo uandike kwa kalamu, uubane mbele ya faili. Ukibaki kwenye simu, siku ya raundi simu itakuwa kwa aliyekwenda kuchukua uji.